Bunduki nyepesi, teke ndogo, na mnyama aanguke: katushi gani sasa?

Mdogo wangu mwenye anakaa Texas alinipigia usiku mmoja, sisi hapa Lubumbashi tuko tunafunga milango na kule kwake jua lingali juu, ananiambia: "Yaya, wenzangu wa kazi wamenialika kuwinda kulungu mwezi wa kumi na moja. Nataka bunduki nyepesi, yenye haitanivunja bega. Lakini kila mtu na yake. Mmoja anasema chukua ya katushi .243, mwingine anasema hiyo ni ya watoto, chukua 300 Magnum uonekane mwanaume. Nifanye je?"

Nikaenda kuuliza wazee wa hapa wenye waliwinda zamani upande wa Kasenga, kumbe huku pia ni vurugu ile ile. Mzee mmoja ananiambia kalibre 12 njo baba ya zote juu 12 inapita 7 (ile ya milimita 7), mwingine anaapa asema bunduki yenye haipige teke haiue kitu. Basi nikaona afazali niandike yote fasi moja, polepole, juu hii mambo yenyewe si ngumu, ni majina tu njo yanavuruga watu.

Tuanze na mnyama. Kulungu wenye tunasema hapa si ule wetu wa porini mwenye pembe za kujisokota. Ni wa Marekani, wa mkia mweupe, pembe zake ziko na matawi kama mti na kila mwaka zinaanguka zinaota tena, kitu chenye swala wetu hawafanyi hata siku moja. Kule Texas dume mara nyingi halifiki kilo 90, na jike ni mdogo zaidi. Ukipanda kaskazini, Minnesota ao Kanada, dume linaweza kupita kilo 120. Kwa hiyo weka akilini mnyama mwenye uzito wa mtu, si nyati, si tembo. Ngozi yake ni nyembamba, mbavu zake hazina ugumu wa kutisha, na fasi ya moyo na mapafu, ile yenye ukiipata hatafika mbali, ni kiasi cha sahani moja ya bukari (ugali). Hiyo sahani tutairudilia.

Sasa katushi. Watu wanaita kitu chote "lisasi" lakini katushi ni vitu vinne. Kuna kopo, ni shaba iliyochanganywa na zinki, kwa hiyo mtu wa Kipushi, mji wa mgodi wa shaba na zinki, asiseme hajui ni nini. Kuna amorse, ile duara ndogo ya nyuma yenye bunduki inagonga na inawasha moto kama kichwa cha kibiriti. Kuna baruti ndani. Na mbele kuna lisasi yenyewe, kile kipande chenye kinaruka. Basi. Bunduki ni bomba tu na kifaa cha kugonga amorse, kazi yote iko ndani ya katushi, njo maana ukienda kununua bunduki swali la kwanza si marke, ni katushi gani inaingia mule.

Majina sasa, na hapa tuvumiliane kidogo. Hakuna sheria moja. Wamarekani wanapima upana wa lisasi kwa inchi, kwa hiyo .308 ni lisasi ya inchi 0.308, ni kama milimita 7.8, na .243 ni kama milimita 6.2. Watu wa Ulaya wanasema milimita na urefu wa kopo, kwa mfano 7x57, kopo la milimita 57. Halafu kuna zenye zimebeba historia: 30-06 maana yake upana wa sehemu 30 za inchi iliyogawanywa mara mia, mwaka wa 1906. 30-30 ni ya 1895 na ile 30 ya pili ilikuwa kiasi cha baruti yake ya zamani, kwa greni, kipimo kidogo sana (greni 100 ni gramu 6.5 tu). 7mm-08 ni kopo la .308 lenye mdomo wake ulibanwa ili lishike lisasi ya milimita 7. Na neno Magnum halipimi kitu, ni kama vile wanavyoandika "super" juu ya karatasi ya biskuti, maana yake tu kwamba kuna baruti mingi kupita ile ingine ya jina karibu sawa.

Na kalibre 12 ya wazee? Ile ni hesabu ya kinyume kabisa. Zamani walichukua pauni moja ya risasi, ile metali, ni gramu 450 na kitu, wakaigawanya mipira sawa sawa: mpira wenye unaingia sawa ndani ya bomba, ukipata 12 ndani ya pauni, bomba ni kalibre 12. Ukipata 20 mipira ni midogo, kwa hiyo bomba ni jembamba. Njo maana kalibre 20 ni ndogo kupita 12. Kwa hiyo yule mzee wa 12 inapita 7, heshima yote mzee wangu, lakini ni kama kulinganisha namba ya kiatu na namba ya nyumba.

Tufike kwa teke.

Umeshaona mtu anaruka kutoka mtumbwi kule Luapula? Yeye anaenda mbele, mtumbwi unarudi nyuma. Bunduki ni vile vile: lisasi na moshi wa baruti vinaenda mbele na nguvu, bunduki inarudi nyuma na nguvu sawa, na nyuma kuna bega yako. Mwanzo wa hadisi ni ule tu. Kinachoongeza teke ni lisasi nzito, kasi kubwa, na baruti mingi (ndiyo, baruti yenyewe iko na uzito, inageuka moshi na inatoka mbiyo kupita hata lisasi, kwa hiyo inasukuma pia). Kinachopunguza teke ni uzito wa bunduki. Fikiri kinga (baiskeli) yenye imebeba magunia tatu ya makala (makaa), mtoto akikimbia akaigonga haisogei sana, sasa mtoto yule yule agonge kinga tupu, inaruka mpaka ndani ya mtaro. Msukumo ni ule ule, tofauti ni mzigo.

Na hapa njo fundo lenyewe lenye mdogo wangu hakuliona, na nafikiri wengi hawalioni. Anataka bunduki nyepesi NA teke ndogo. Hivyo viwili vinagombana. Kila gramu unayotoa kwenye bunduki unailipa kwa bega. Fanya hesabu: .308 na lisasi ya greni 150, ndani ya bunduki ya kilo 3.5, teke yake ni karibu jouli 20 (jouli ni kipimo cha nguvu ya pigo). Chukua katushi ile ile uiweke ndani ya bunduki ya mlimani ya kilo 2.5, sasa ni jouli 28. Hiyo ni teke ya 30-06 yenye lisasi ya greni 180 ndani ya bunduki ya kilo 3.5. Umenunua bunduki ndogo umeipata kubwa bila kujua. Kwa hiyo ukishaamua uzito wa bunduki hautaongezeka, fasi moja tu imebaki ya kupunguza: ndani ya katushi.

Ndani ya bunduki ya kilo 3.5 mambo yanakaa hivi, namba za kukadiria juu kila katushi iko na uzito wake wa lisasi: .243 yenye lisasi ya greni 100 ni karibu jouli 12, 6.5 Creedmoor ni 16 ao 17, 7mm-08 ni kama 18, .308 ni 20, 30-06 ni 27, na 300 Winchester Magnum inapita 35. Kwa mwenye anajua kalibre 12 peke yake, ile katushi ya lisasi moja nzito ya gramu 28, ndani ya bunduki ya kilo 3.2, ni kama jouli 40. Ndiyo, arobaini. Wazee wetu walikuwa wanakula teke kupita Mmarekani wa Magnum na hawakujua kama wangeweza kulalamika.

Sasa utaniambia sawa, teke imepungua, lakini si nguvu ya kuua pia imepungua? Ile kitu ya "kumwangusha mnyama kwa nguvu"? Hapa kuna uongo mkubwa kupita yote na nitakaa nao kidogo. Watu wanafikiri lisasi kubwa inamsukuma mnyama anaanguka, kama gari imemgonga. Haiwezekani. Kumbuka mtumbwi: msukumo wenye lisasi inabeba mbele hauwezi kupita ule wenye ulirudi kwa bega yako. Kama lisasi ingekuwa na uwezo wa kumrusha kulungu wa kilo 70 chini, wewe pia wa kilo 70 ungelala chali kila ukifyatua. Kama umebaki umesimama, ujue haikumrusha mtu, haikumrusha mnyama.

Lisasi inaua namna ingine: inapasua. Inapita ndani ya mapafu ao moyo, damu inatoka, presha ya damu inashuka, ubongo unakosa damu na mnyama anazimika ndani ya sekunde chache, saa zingine amekimbia kwanza mita 50 ao 100. Akianguka pale pale, mara nyingi ni juu lisasi iligusa ubongo ao uti wa mgongo. Sasa ndani ya ile sahani ya bukari, tundu la .243 na tundu la .300 kulungu hasomi tofauti. Inje ya sahani, kwa tumbo, hata Magnum itakuacha ukifuata damu mpaka usiku. Mama yangu alikuwa anachinja mbuzi kwa kisu cha jikoni chenye urefu wa kiganja, kikali, dakika haipiti, na jirani alikuja na panga kubwa butu, aibu ile sitaki hata kuieleza.

Kuna mtu wa historia wenye wawindaji wote wanamtaja kwa hii mambo, W. D. M. Bell, Mskoti, jina lake la porini lilikuwa Karamojo juu aliwinda sana Karamoja ya Uganda. Aliwinda pia Lado, ile sehemu yenye mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa anaishika mpaka alipokufa 1909, kwa hiyo si mbali na mambo yetu. Aliua tembo kupita elfu moja, na wengi wao kwa 7x57, katushi ya 1892 yenye leo watu wanaiita ya teke ya upole. Hakuwa mchawi. Alijifunza ubongo wa tembo uko wapi, na alitumia masasi magumu yenye hayafunguki, yanapenya moja kwa moja. Sisemi mtu aende kwa tembo na kalibre ndogo, kwanza ni marufuku na pili atakufa, nasema tu kama fasi ya kupiga inafanya vile kwa tembo, kwa kulungu wa kilo 70 tunabishana nini?

Lakini angalia, lisasi ya Bell si ya kwako. Kwa kulungu unataka kinyume, lisasi yenye ikiingia inafunguka mbele kama uyoga, inapanua njia. Hapa njo watu wa kwetu wanaanguka, wanaona 7.62 ya kalachi na 7.62 ya .308 (hiyo 7.62 ni upana wa ndani ya bomba, si wa lisasi) wanasema ni kitu kimoja. Si kimoja. Kopo la kalachi ni la milimita 39, la ile ingine ni 51, na masasi ya vita yamefunikwa metali ngumu mpaka nchani ili yasifunguke, yanatoboa tundu jembamba yanaenda zake, mnyama anakimbia na kidonda kwenda kufia mbali kwa ajili ya fisi. Majimbo mingi ya Marekani yanakataza kabisa masasi ya namna ile kwa kulungu. Na hapa kwetu silaha ya vita kwa raia ni shida na sheria kabla hata ya kufika porini.

Vile vile .243 iko na masasi mepesi ya greni 55 mpaka 75 yenye yalifanywa kwa ajili ya wanyama wadogo, mbweha na ndugu zao, yanapasukia juu juu. Mtu anampiga kulungu kwa bega na ile, mnyama anaponyoka, kisha anarudi anatangaza asema .243 ni ya panya. Katushi haina kosa. Kwa kulungu chukua greni 85 mpaka 100, na kwenye karatasi ya boksi pameandikwa ni ya mnyama gani, soma tu.

Sasa teke kubwa inafanya nini hasa? Si maumivu, mtu mzima anavumilia. Shida ni woga wenye wewe mwenyewe haujui. Mwili unajifunza kama kidole kikivuta, kitu kitanipiga, basi kabla ya kuvuta macho yanafunga, bega inasukuma mbele, mdomo wa bunduki unashuka kidogo. Kidogo ile kwa mita 100 ni kutoka mapafuni kwenda tumboni. Ni kama mtoto mbele ya muganga na sindano, hajachomwa lakini amesharuka. Jipime hivi: kule kwa fasi ya mazoezi, mwambie mwenzako akuwekee katushi mwenyewe, mara ya kweli, mara ile tupu ya mazoezi yenye haina baruti, bila kukuambia. Ukivuta ile tupu na bunduki ikaruka ao ikainama, umejiona mwenyewe.

Kuchagua sasa. Kwa mtu wa kuanza, mwenye atapiga chini ya mita 200 (na msituni mara nyingi ni chini ya 100), bunduki ya kilo 3 na kitu pamoja na darubini, mimi ningeangalia tatu tu. .243 Winchester, ya 1955, kama bega ni shida kweli, ao ni kwa mke ao kijana. Inataka uangalifu wa lisasi na fasi ya kupiga, haisamehe uvivu. 6.5 Creedmoor, ya 2007, watu wanaicheka juu imekuwa mode, lakini ukiacha kelele inafanya kazi nzuri, lisasi yake ni ndefu inapenya vizuri, na katushi zake kule Marekani ziko kila duka. Ile siri yake kubwa ni nini? Hakuna siri, Waswedi na Wanorwe wana 6.5x55 tangu 1894 na wanaua nayo mnyama wao mkubwa mwenye uzito wa ng'ombe. Na 7mm-08 Remington, ya 1980, teke kidogo juu ya hiyo ya pili, lisasi pana kidogo, njo yenye mimi naipenda kupita zote, ubaya wake ni moja, duka dogo linaweza kukosa boksi zake.

Kama una .308 tayari usikimbie kuiuza. Kuna katushi zake za baruti pungufu, kampuni ya Hornady wanazo, teke inashuka sana na kwa umbali wa kawaida zinatosha. 30-30 pia, ile bunduki ya wachunga ng'ombe wa sinema, ni nyepesi, teke yake ya wastani, lakini ukipita mita 150 lisasi inaanguka kama jiwe. .223 ninaiacha pembeni: teke karibu hakuna, na kwa lisasi inayofaa inaua, ila inataka mkono wa mtu mwenye uzoefu na majimbo mengine yanaikataza. Colorado kwa mfano wanataka upana usipunguke inchi 0.24. Texas wao wanakataza tu zile ndogo kama .22 ya mazoezi, zenye amorse yake iko kwenye ukingo wa kopo. Uingereza sheria yao ya 1991 inataka .240 kwa kulungu wakubwa. Majimbo kadhaa ya katikati ya Marekani, kama Iowa, wanadai katushi ya kopo lililonyooka lisilobanwa mdomo, njo maana Winchester walitoa 350 Legend mwaka wa 2019. Kwa hiyo soma sheria ya fasi yako kabla ya kutoa pesa. Na hapa Kongo sheria ya uwindaji ni ya 1982, permi ya kuwinda ni lazima, karatasi ya bunduki ni mbali tena, na ndani ya mbuga za Upemba na Kundelungu hauingii na bunduki ya kuwinda, basi.

Dawa za kupunguza teke bila kugusa katushi zipo. Mpira mzuri nyuma ya kitako unasaidia sana. Kitako chenye urefu wa mkono wako pia, mtu mfupi akishika kitako kirefu anapigwa mara mbili. Kile kifaa chenye matundu cha kufunga mdomoni mwa bunduki kinapunguza teke kweli, lakini kelele inakurudilia usoni na masikio hayaoti tena kama pembe za kulungu, mimi sikipendi. Na uongeze gramu 300 za uzito, hakuna mtu atakufa, watu wanalilia bunduki nyepesi na wao wenyewe wamebeba kilo kumi za tumbo.

Mdogo wangu alichukua 7mm-08, kilo 3.2 na darubini juu. Kwa sababu alizaliwa nyuma ya 1971 Texas walimtaka kwanza afanye masomo ya wawindaji, akayafanya. Nikamwambia akae wiki tatu na .22 ya kuazima kabla ya kugusa ile kubwa, akanung'unika akakubali. Juzi alinitumia picha ya karatasi, mita 100, matundu matatu yote yanafunikwa na kopo la chai, na chini ameandika: "Yaya, nyama ya hawa wa huku inaendana na sombe?" Nikamwambia hiyo aulize mama.